Jinsi ya kutengeneza gazeti la manga la kila mwezi na watoto, hapahapa Mtwara

Watoto wa huku kwetu katuni za Kijapani wanazijua vizuri tu, wanaziangalia kwenye vibanda vya video, kwenye simu za kaka zao, na wengine wanachora zile nywele za kusimama kwenye kila daftari mpaka mwalimu wa hesabu anachoka. Ila ukiwauliza zilianzia wapi watakwambia kwenye TV. Kiukweli nyingi zilianza kama hadithi za michoro, Wajapani wanaziita manga, kwenye gazeti, tena gazeti la karatasi ya bei rahisi, linatoka kila wiki au kila mwezi, mtoto wa darasa la nne analinunua kwa hela yake mwenyewe, analisoma, anamuazima mwenzie. Hicho ndo kitu nataka tukifanye huku. Mwongozo huu ni wa mwalimu, dada, kaka, shangazi, yeyote mwenye watoto watano sita karibu yake wanaopenda kuchora, awe Shangani, Chikongola, Mikindani, Tandahimba, hata Lindi mjini au Nachingwea, na vifaa vyote vinapatikana stesheneri ya kawaida.

Kwanza tuwaelewe Wajapani wanafanyaje, maana kuna vitu vya kuiga na kuna vitu vya kuacha hukohuko.

Kuna gazeti linaitwa CoroCoro Comic, la kampuni ya Shogakukan ya Tokyo, lilianza mwaka 1977 na mpaka leo lipo, wasomaji wake ni watoto wa shule ya msingi hasa wavulana. Kwa ukubwa ni A5, yaani nusu ya A4, lakini nene kama tofali, kurasa mia kadhaa. Yule paka wa bluu Doraemon ndo alikuwa sababu kubwa ya gazeti hilo kuanzishwa, ila mwenyewe ni wa zamani zaidi, alianza mwishoni mwa 1969 kwenye magazeti ya kielimu ya kampuni hiyohiyo, na mchoraji wake Fujiko F. Fujio alikuwa anatunga hadithi tofauti kwa kila umri, watoto wa chekechea na ya kwao, wa darasa la nne na ya kwao. Hapo mi ndo nampa heshima zangu zote, mtu mzima anakaa chini anafikiria mtoto wa miaka sita anacheka nini na wa miaka kumi anacheka nini. Wasichana nao wana magazeti yao, Nakayoshi la Kodansha lilitoka mara ya kwanza mwishoni mwa 1954, Ribon la Shueisha mwaka 1955, yote bado yanatoka kila mwezi, na ndani unakuta zawadi za stika, vidaftari, vitu vya kukata na kubandika. Alafu kwa wakubwa kidogo kuna Monthly Shonen Gangan, humo Hiromu Arakawa alichora ile hadithi ya ndugu wawili, Fullmetal Alchemist, kuanzia 2001 mpaka 2010, kipande kimoja kila mwezi mpaka vikafika 108. Miaka tisa, hadithi moja, mwezi kwa mwezi.

Sasa vya kuiga. Magazeti haya karibu yote ndani ni nyeusi na nyeupe, rangi inakuwa kwenye kava na kurasa chache za mwanzo basi, na karatasi yenyewe ni ile iliyotengenezwa kutoka karatasi zilizokwisha tumika, mbovu mbovu, mara nyingine imetiwa rangi ya pinki au kijani. Kwaiyo mtu asikwambie bila printa ya rangi huwezi, kopi ya kawaida inatosha kabisa. Pili, kwenye magazeti ya watoto wanaweka herufi ndogo rahisi pembeni ya yale maandishi magumu, ili mtoto asome mwenyewe bila kumsumbua mama. Sisi herufi zetu hazina shida hiyo, ila tunaweza kufanya jambo lilelile kwa kuandika kubwa, kwa nafasi, na sentensi fupi ambazo mtoto wa darasa la tatu anazimaliza kwa pumzi moja. Tatu, wanamuuliza msomaji, nitarudi hapo maana ni jambo kubwa. Nne, na hii ndo roho ya kitu chote, gazeti lina tarehe yake na linatoka tarehe hiyo. Mtoto akishajua kwamba kila ijumaa ya mwisho wa mwezi kuna gazeti, anaanza kusubiri, na mtoto anaesubiri kitu cha kusoma ameshakuwa msomaji hata kabla hujampa.

Vya kuacha: kusoma kutoka kulia kwenda kushoto waachieni wenyewe, maandishi yao ndivyo yanavyokwenda, Kiswahili chetu kinatoka kushoto, ukigeuza unawachanganya watoto bila faida yoyote. Na kurasa mia kadhaa pia acheni. Kule kuna wachoraji waliolipwa, wana wasaidizi wanaochora nyumba na miti, wana edita wa kampuni anaewafuata, na bado kazi inawachosha vibaya. Mtoto wa shule kurasa nne kwa mwezi ni nyingi, mbili ni sawa, moja ni mwanzo mzuri sana.

Timu yenu. Usimtafute mtoto mmoja anaejua kila kitu, hayupo. Kuna mtoto anachora ila hana hadithi, na kuna mwingine ukimkalisha barazani anakusimulia mpaka magharibi ila mkono wake haushiki penseli vizuri, hao wawili waunganishe, mmoja atunge mwingine achore. Mwenye mwandiko mzuri apewe kazi ya kuandika maneno ya gazeti zima, hii inasaidia sana gazeti lionekane la mkono mmoja. Mmoja ashike daftari la hela. Na edita awe mtu mkubwa kidogo, wewe mwenyewe au mwanafunzi wa sekondari, ila kuna sheria moja hapa naomba muishike: edita haigusi penseli ya mtoto. Edita anauliza tu. "Huyu kwanini anakimbia?" "Mama yake yuko wapi mda wote huu?" "Mi hapa sijaelewa, nielekeze." Mtoto akikuelekeza kwa mdomo, ujue hicho alichokisema ndo kinatakiwa kiwepo kwenye karatasi, mwambie akachore. Ukimchorea wewe mwezi huu, mwezi ujao atakusubiri umchoree tena.

Hadithi zinatoka wapi? Zimejaa. Watoto wengi wataanza kwa kuiga, wataleta ninja, wataleta mtu anaerusha moto kwa mikono, msiwakataze kwenye mazoezi maana mkono unajifunza kwa kuiga, lakini kwenye gazeti wahusika wawe wenu. Wale wengine wana wenyewe kisheria, na zaidi ya hapo msomaji wenu ameshawaona kwenye simu, hana sababu ya kuwatafuta kwenye kopi ya kurasa 16. Mpe kitu ambacho hakuna gazeti lolote la Tokyo linaweza kumpa.

Mfano Tendaguru, huko Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya mijusi ya kale, yaani dinosaria, tani zaidi ya 200, na iliyobeba ile mifupa mpaka bandari ya Lindi ilikuwa vichwa na mabega ya watu wetu, kwa miguu, porini. Mjusi mmoja amesimamishwa leo kwenye makumbusho ya Berlin, urefu wake kwenda juu ni zaidi ya mita 13. Hebu mwambie mtoto wa darasa la tano atunge hadithi ya mpagazi kijana anaebeba mfupa hajui ni wa mnyama gani, usiku kambini anausikia unahema. Hiyo ni hadithi ya mwaka mzima. Au msimu wa korosho, mnada unasubiriwa, mama anabanwa na ada ya shule na mtu wa kangomba, yaani mnunuzi wa korosho wa magendo, anakuja usiku na hela mkononi anataka bei ya kutupa, mtoto ameyasikia yote nyuma ya mlango, anafanyaje? Au mashua ya Msimbati, au watoto wanaokwenda kuchimba ming'oko porini wakakuta kitu kingine. Haya yote mtoto anayajua kwa miguu yake, atachora mpaka majani ya mkorosho bila kuangalia picha.

Kitu kimoja cha kuangalia kwa heshima: mambo ya ndani ya jando na unyago yasichorwe. Ngoma ya nje ambayo kila mtu anaiona, sindimba, kinyago cha mapiko kinachocheza uwanjani mchana, hapo hamna shida, lakini hata hapo muulizeni mzee kwanza, mwambie tunataka kuchora hivi babu, unaonaje. Mara nyingi mzee akiulizwa vizuri anakupa na hadithi juu.

Kwa wanaoanza kabisa waanze na fremu nne tu, yaani visanduku vinne vya picha. Wajapani wanaita yonkoma, fremu nne zimepangwa kwa kushuka chini, ya kwanza inaanzisha, ya pili inaendeleza, ya tatu inageuza, ya nne inamaliza. Mfano: fremu ya kwanza babu anakaanga korosho na maganda yake nje ya nyumba, watoto wamemzunguka. Ya pili, moshi unazidi, watoto wanazidi kusogea. Ya tatu, PAA! mafuta ya ganda yameshika moto. Ya nne, babu bado amekaa palepale anageuza korosho zake taratibu, watoto wote wako juu ya mwembe na kuku wako nao. Hamna hata neno moja zaidi ya PAA na kila mtu ameelewa. Mtoto akiweza hadithi tatu mfululizo za fremu nne, mpandishe ukurasa mzima.

Hadithi ya kuendelea ina ugumu wake na hapa wengi wanakwama. Mwezi ni mrefu kwa mtoto, akifika toleo la pili ameshasahau. Kwaiyo kila kipande kianze na kijisanduku kidogo juu, mistari miwili, nani ni nani na mwezi uliopita ilikuwaje. Alafu kila kipande kiwe na jambo moja linaloisha humohumo, mtoto amepata kitu kamili kwa hela yake, na jambo moja linaloachwa wazi fremu ya mwisho. Ukiacha kila kitu wazi msomaji anaona ametapeliwa, ukimaliza kila kitu hana sababu ya kurudi.

Ratiba ya mwezi. Wiki ya kwanza ni rafu tu, Wajapani wanaiita nemu, ukurasa mzima unachorwa kwa haraka kwa penseli, watu wa vijiti, maputo ya maneno, vile viduara vya wahusika wanapoongea, yameshapangwa, edita anasoma anauliza maswali yake. Msiruke hatua hii, kufuta kijiti ni rahisi, kufuta ukurasa uliochorwa siku tatu mtoto analia. Wiki ya pili penseli safi. Wiki ya tatu wino. Wiki ya nne kopi, kukunja, kupiga pini, kusambaza. Mwezi wa mitihani punguzeni kurasa, gazeti la kurasa 8 lililotoka ni bora kuliko la 16 ambalo halijatoka, na kuanzia mwezi wa kumi korosho zikianza watoto wengi wanakuwa mashambani na wazazi jumamosi na jumapili, kwaiyo kazi ya toleo hilo ianzeni mapema mwezi wa tisa.

Kuchora kwenyewe sasa. Kila ukurasa uchorwe kwenye A4 nzima, alafu stesheneri mwambie akupunguzie kwa asilimia 71, inatoka A5 kamili. Faida yake kubwa, mistari inakuwa myembamba na safi, mikwaruzo midogo inapotea, mtoto akiona kazi yake imepunguzwa anadhani sio yeye aliechora. Pigeni mstari wa mpaka sentimita moja na nusu kutoka kila ukingo, maneno na nyuso zisivuke hapo, maana mashine ya kopi haifiki mwisho wa karatasi na katikati kwenye mkunjo panameza. Wino uwe mweusi kabisa, peni ya bluu inatoka hafifu kwenye kopi, na penseli ikibaki chini inaacha uchafu wa kijivu, kwaiyo ufutio utumike wino ukishakauka vizuri. Kwa unyevu wa pwani huku wino unachelewa, acha nusu saa. Sehemu kubwa nyeusi mfano usiku, mashine nyingi zinatoa madoa madoa, ni bora usiku ujazwe kwa mistari iliyobanana. Wajapani kwa kivuli wana karatasi maalum za vidoti wanabandika, sisi vidoti tutatia kwa mkono, mtoto ambae hana zamu ya kuchora anapenda sana kazi ya vidoti.

Maputo ya maneno. Hapa ukiiga kichwa kichwa unaharibu. Kijapani kwenye manga kinaandikwa kwa kushuka, ndo maana maputo yao ni marefu na membamba, sasa weka humo neno kama "hatukumwambia" uone linavyokatwa vipande vinne. Maputo yetu yawe mapana na mafupi. Maneno yaandikwe KWANZA, puto lichorwe baadae kuzunguka maneno, kila mtoto anataka kufanya kinyume na kila mtoto anaishia kubananisha herufi. Kwenye A4 herufi ziwe na urefu kama milimita sita, zikipunguzwa zinabaki nne, mtoto mdogo anasoma bila shida. Ikibidi kukata neno, kata kwenye silabi, hatu-kumwambia, sio hatuk-umwambia. Puto moja lisizidi maneno kumi, yakizidi gawa mara mbili. Na waache wahusika waongee kama watu wa huku wanavyoongea, bibi amwite mjukuu wake kama bibi wa Newala anavyomwita, sio Kiswahili cha taarifa ya habari.

Sauti pia. Lugha yetu ni tajiri sana kwenye hili na ni raha kuchora: chubwi mtu anapotumbukia, pu anapoanguka, kacha tawi linapovunjika, jii pakiwa kimya. Sauti ichorwe kubwa, iwe sehemu ya picha, chubwi iwe na herufi zinazodondosha maji.

Haya sasa tuje kwenye sehemu ambayo inawavuruga watu wote, kupanga kurasa. Gazeti la kukunja idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne, 8, 12, 16, 20. Tuchukue 16, ni karatasi nne za A4 zilizolala, kila karatasi ina kurasa mbili mbele na mbili nyuma. Karatasi ya kwanza ya nje: mbele kushoto ukurasa 16, kulia 1. Nyuma yake kushoto 2, kulia 15. Karatasi ya pili: 14 na 3, nyuma 4 na 13. Ya tatu: 12 na 5, nyuma 6 na 11. Ya nne ya katikati: 10 na 7, nyuma 8 na 9. Namna ya kujihakikishia, kurasa mbili zilizokaa pamoja ukijumlisha lazima upate 17, na namba witiri inakaa kulia siku zote. Kwa gazeti la kurasa 8 jumla inakuwa 9. Kama bado kichwa kinauma, chukua karatasi nne tupu, kunja pamoja, andika namba kwa penseli kuanzia kava mpaka mwisho, alafu zifungue, unayaona mwenyewe kwa macho. Fanya hivyo kila toleo hata kama umeshazoea.

Kisha zile kurasa zilizopunguzwa kuwa A5 zikate, zibandike mbilimbili kwenye A4 kwa mpangilio huo, gundi kidogo tu ya karatasi, hiyo inakuwa karatasi mama. Mna karatasi mama nane. Mwambie wa stesheneri akutolee mbele na nyuma, ila kwanza atoe nakala MOJA tu, ikunje, isome yote kuanzia mwanzo mpaka mwisho, uone hamna ukurasa uliosimama kichwa chini, ndo aendelee na nyingine. Usiogope kumsumbua, ni hela yako. Mwenye kompyuta anaweza kupiga picha kurasa kwa programu ya kuskani ya simu, kuzipanga kwenye PDF, na Adobe Reader ina sehemu ya kuprinti kama kijitabu inapanga namba yenyewe, mashine igeuze karatasi kwa upande mfupi.

Pini mbili katikati ya mkunjo. Stepla ya kawaida haifiki, kwaiyo ifungue, weka gazeti limefunguka juu ya ndala kuukuu, kava likiangalia juu, gonga pini ipenye, geuza, kunja miguu ya pini kwa ncha ya kijiko. Uzi na sindano navyo vinafaa, mashimo matatu, na gazeti la uzi halina kutu, ukikaa karibu na bahari utaelewa kwanini nasema hivyo.

Hesabu ya hela ifanyike mbele ya watoto ubaoni. Tuseme kopi upande mmoja ni shilingi 100, gazeti la kurasa 16 lina pande nane, basi nakala moja 800, nakala thelathini 24,000, bado zile kopi za kupunguza. Mtoto wa shule hatoi elfu moja kila mwezi. Kwaiyo anzeni na kurasa 8, nakala moja 400, na muuze kwa dawati, watoto watatu wanachanga wananunua moja. Ukienda na nakala nyingi ulizia bei ya jumla, wengi wanapunguza. Kava la manila la rangi linapendeza ila linaongeza gharama, mi naona lisubiri mpaka gazeti lipate wasomaji wake, na ukihitaji rangi watoto wapake kava kwa mkono kwa penseli za rangi, kila nakala inakuwa tofauti na hizo ndo zinaisha kwanza.

Sasa lile la kumuuliza msomaji. Magazeti ya manga mengi huweka postikadi ndani, msomaji anaandika hadithi zipi zimemfurahisha anaituma, na maedita wanaitumia kuamua ipi iendelee ipi ikome. Sisi tukate kona ya ukurasa wa mwisho iwe kikaratasi cha kura: hadithi gani umeipenda, wapi hujaelewa, unataka mwezi ujao kitokee nini. Sanduku la kura liwekwe darasani au kwenye duka la jirani. Lile swali la wapi hujaelewa ndo lenye faida kuliko yote, lisomeni lote, kila kikaratasi. Ila hapa tusiige ukali wao, kule hadithi ikikosa kura inakatwa, huku kwetu mtoto akikatwa anaweka penseli chini asiishike tena. Msisome matokeo ya wa mwisho kwa sauti. Mwite pembeni, mpe fremu nne za mwezi ujao, mpe mwenzie wa kutunga nae.

Zawadi ndani ya gazeti, kama za Nakayoshi, zinawezekana bila gharama. Kinyago cha kukata na kuvaa, mchezo wa nyoka na ngazi ambao ngazi zake ni njia za Mikindani, karata za wahusika wenu. Ziwekwe kurasa za katikati, kwa gazeti la kurasa 16 ni 8 na 9, karatasi inachomoka nzima. Kumbuka tu nyuma yake kuna 7 na 10, hapo msiweke hadithi, wekeni tangazo la toleo lijalo au picha ya kupaka rangi, la sivyo mkasi unakata kichwa cha mhusika wa mtu.

Ruhusa. Kama ni la shuleni ongea na mwalimu mkuu kabla ya toleo la kwanza, mpelekee ile nakala ya majaribio asome. Wazazi wajue pia, na majina kamili ya watoto, shule na namba za simu visiandikwe kwenye gazeti linalotoka nje, jina la kwanza au jina la usanii linatosha. Siku mkitaka kuliuza mtaani kama gazeti rasmi hilo ni jambo jingine, Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inataka leseni kwa magazeti, kaulizeni kwa afisa habari wa halmashauri mapema. Na wahusika wenu wakipendwa, COSOTA ndo wanaohusika na hakimiliki.

Michoro halisi isitupwe hata mmoja. Wajapani vipande vya gazeti vikishakuwa vingi wanavikusanya vinakuwa kitabu, na nyinyi baada ya mwaka mnaweza kufanya hivyohivyo na ile hadithi ya Tendaguru, lakini mtatoa wapi kama karatasi zimeliwa na mchwa? Faili la plastiki, kila toleo na lake, tarehe imeandikwa nje, juu ya kabati mbali na ukuta. Pigeni na picha kwa simu, mtu mwingine awe nazo pia.

Kama mna wenzenu Masasi au Newala wanaotaka nakala, msitume nakala thelathini kwenye basi, tumeni PDF kwa WhatsApp wakatoe kopi hukohuko, wao walipie kopi zao, nyinyi mnachowadai ni vile vikaratasi vya kura, wavipige picha wawarudishie kabla ya wiki ya kwanza ya mwezi haijaisha ili maoni yao yaingie kwenye nemu.